Mizimu ya furaha, mizimu ya hasira: shajara ya kutunga kanuni za mezani

Shajara hii ni ya wanaoendesha michezo ya kuigiza mezani, ile ya karatasi, dadu na mdomo: mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua nani afaulu. Tunatunga hisia tatu mpya za mizimu waandamani: furaha, huruma na upendo. Kila hatua ikikamilika nitaongeza tarehe. Anayetaka kunakili anakili, ila asome kwanza palipovunjika, maana ndipo penye kazi.

Jumapili, 2 Februari 2025: Tunapoanzia

Kanuni za msingi ni za Pathfinder, toleo la kwanza, mchezo wa kampuni ya Paizo ya Marekani. Mwaka 2015 walitoa kitabu cha Occult Adventures, na ndani yake kuna mhusika ambaye mezani kwetu anaitwa "mwenye mzimu". Huyu anaandamana na roho ya marehemu iliyokwama njiani, haikufika inakokwenda. Akitaka, mzimu unamkaa kichwani na kumwongezea ujuzi. Akitaka, anautoa nje, ama kwa mwili wa ute unaoshikika, ama kwa umbo la kivuli linalopenya kuta. Kwa watu wa pwani sikuhitaji kueleza sana. Mzimu umepanda, mzimu umeshuka, basi, wameelewa.

Kila mzimu umefungwa duniani na hisia moja, na hisia hiyo ndiyo inayompa nguvu zake. Kitabu kile kina hisia saba: hasira, chuki, wivu, hofu, kukata tamaa, kujitolea na ari. Hesabu mwenyewe. Tano zinanuna. Mbili zilizobaki ni za heri, lakini nazo zimekaa kijeshi: wa kujitolea anakulinda, wa ari hamwachi anayemfukuza mpaka amtie mkononi. Hakuna mzimu aliyebaki duniani kwa sababu alipenda tu kuwepo.

Mmoja wa wachezaji wangu alitaka mzimu wa bibi yake wa kubuni, bibi mcheshi aliyekufa katikati ya harusi na hakukubali kuondoka kabla ngoma haijaisha. Nikafungua kitabu, hamna pa kumweka. Mradi ukaanzia hapo.

Gharama mpaka sasa ni sifuri. Kanuni za toleo la kwanza zilitolewa kwa leseni ya wazi, zinasomeka bure mtandaoni kihalali, na leseni yenyewe inaruhusu kuzitungia nyongeza.

Jumapili, 16 Februari: Vifaa

Kila jaribio la mchezo, kama shambulio, linaamuliwa kwa dadu ya pande 20: namba kubwa ni heri, 1 ni mkosi. Madukani hapa Dar dadu hizo ni za kubahatisha. Tumetumia vizibo vya soda, vilivyoandikwa 1 mpaka 20 kwa maka peni (shilingi 1,500), ndani ya mfuko wa kitambaa. Unaingiza mkono, unachomoa, unasoma, unarudisha. Hilo la mwisho ndilo lenye matatizo. Kizibo kisiporudishwa, namba yake haitoki tena, na mwenye akili anaanza kuhesabu. Tulikuwa na mtu aliyekuwa anasubiri namba ndogo ziishe mfukoni ndipo atangaze kwamba anashambulia. Sheria sasa: kizibo kinasomwa kikiwa juu ya mdomo wa mfuko na kinadondoshewa hapo hapo.

Kuprinti karatasi za wahusika ni shilingi 200 kwa ukurasa kwenye steshenari ya mtaani. Yaliyobaki ni daftari.

Jumamosi, 1 Machi: Furaha, toleo la kwanza. Limekufa

Wazo lilionekana jepesi. Mzimu wa hofu anawapunguzia maadui, basi mzimu wa furaha awaongezee marafiki. Niliandika hivi: rafiki yeyote aliye ndani ya miraba minne (ya ramani ya mezani) ya mzimu anapata +1 ya moyo, yaani nyongeza ya aina ya ujasiri, kwenye shambulio na kwenye kujinusuru (kuchomoa kizibo ili kukwepa baya) dhidi ya hofu.

Pambano la kwanza halijafika kati, mchezaji anayemwigiza kuhani akauliza, "Kaka, sasa hii si baraka yangu?"

Ni kweli. Uganga wa baraka, ule wa daraja la kwanza kabisa, unatoa +1 ya moyo kwenye shambulio na kwenye kujinusuru dhidi ya hofu. Neno kwa neno. Na kwa kanuni hizi, nyongeza mbili za aina moja hazijumlishwi, inahesabika kubwa tu. Kuhani akishabariki, bibi mcheshi anacheka bure.

Nikatazama upande wa pili nikaona uonevu wenyewe. Kwa kanuni ya jumla, hofu inapanda ngazi. Aliyetishika akitishwa tena anaingiwa na woga wa kukimbia, na akizidishiwa anapagawa kabisa. Zipo nguvu za kutisha zilizoandikwa kwamba hazipandishi ngazi, lakini njia iko wazi. Kwa hiyo hofu juu ya hofu ni hofu kubwa zaidi, ila furaha juu ya furaha ni ile ile moja. Sidhani kama waliotunga walikusudia kuibagua furaha. Walikuwa wanazuia watu kurundika uganga wa kujiongezea nguvu, na hisia za heri zikanaswa na mtego huo, kwa sababu mezani heri huwa inaandikwa kama nyongeza.

Nikajaribu kuondoa neno "moyo" ili nyongeza isiwe na aina. Ikajumlishwa na kila kitu. Mbabe wetu, mhusika wa mapigano ambaye ghadhabu yake tayari inampa nguvu, akawa hakosi. Tukaifuta usiku huo huo.

Jumapili, 16 Machi: Hesabu za mwezi wa Ramadhani

Tunacheza baada ya tarawehe, watu wameshiba, wanafikiri polepole. Ni wakati mzuri wa hesabu.

Mzimu wa kukata tamaa akimpiga mtu, na mtu huyo akashindwa kujinusuru, anapungukiwa 2 kwenye shambulio na kwenye madhara (kiasi anachojeruhi) kwa raundi moja. Chukua adui anayehitaji 11 au zaidi ili akupate. Vizibo 10 kati ya 20 vinamfaa, yaani asilimia 50. Mpunguzie 2, anahitaji 13, vizibo 8, asilimia 40. Sasa chukua mzimu wa heri anayempa rafiki mmoja +2 ya kinga, yaani namba ambayo adui lazima aifikie ili ampate. Adui yule yule anatoka asilimia 50 mpaka 40. Zinafanana.

Hazifanani. Adui aliyepunguziwa 2 anampunguzia kila mtu hatari, amgeukie yeyote. Rafiki aliyeongezewa 2 amelindwa peke yake, na adui mwenye macho anamwacha na kumpiga jirani. Kwa upande mwingine, adui ana haki ya kujinusuru, rafiki hahitaji. Adui mwenye nafasi nusu kwa nusu ya kujinusuru anaifanya ile 2 iwe kama 1 ukiipigia wastani. Tena wafu wanaotembea hawaingiliwi akilini kabisa. Mpeleke mzimu wa hofu kaburini kwenye mifupa inayotembea, atatisha mpaka asubuhi bila mtu kutishika. Wa heri anafanya kazi pale pale, kwa kuwa kazi yake iko kwa walio hai.

Kwa hiyo kwa nguvu tupu mizani inakaribiana. Kinachopwaya ni ladha. Mwenye mzimu wa hofu anafanya jambo na adui anabadilika mbele ya macho ya watu. Mwenye mzimu wa furaha anawakumbusha wenzake wajumlishe moja. Mdogo wangu alisema ni sawa na kuajiriwa kuwa kikokotoo, na sikuwa na jibu.

Jumapili, 30 Machi: Furaha, toleo la pili na la tatu

Nimeacha nyongeza kabisa. Furaha sasa inatoa nafasi ya kurudia kizibo, na kurudia si nyongeza, kwa hiyo hakugongani na baraka wala ghadhabu. Anayehitaji 11 ana asilimia 50. Akikosa na kurudia, jumla inakuwa 75. Anayehitaji 17 ana asilimia 20, akirudia anafika 36. Ni zawadi nono, kwa hiyo lazima iwe adimu.

Toleo la pili: rafiki akimwangusha adui, mzimu anashangilia na mwenzake mmoja anapata nafasi ya kurudia. Lilifanya kazi vizuri na likachosha vibaya. Upande unaoshinda ndio unaoangusha maadui, kwa hiyo furaha ilikuja tukiwa tunashinda na ikatutupa tulipozidiwa. Mwenye nacho kuongezewa. Katika pambano gumu la mwezi huu bibi hakusema kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mchezaji wake alikuwa anachezea simu.

Toleo la tatu limetoka kwenye kikao chenyewe. Mjanja wetu alichomoa 1 akijaribu kuruka dirisha, nikaeleza jinsi kanzu ilivyonasa kwenye msumari akabaki ananing'inia, meza nzima ikacheka. Mwenye mzimu akasema, "Na bibi anacheka." Hapo hapo nikaandika: *rafiki akichomoa 1, mzimu wa furaha anacheka, na rafiki mwingine yeyote anayesikia anaweza kurudia kizibo kimoja alichokosa kabla ya raundi ijayo kwisha.*

Kizibo cha 1 ni asilimia 5. Watu watano wakichomoa mara moja moja kwa raundi, nafasi ya angalau mmoja kutoa 1 ni karibu asilimia 23, yaani takriban raundi moja kati ya nne au tano. Inakuja pale mambo yanapoharibika, na inamfanya aliyeteleza awe amewapa wenzake kitu badala ya kuona aibu.

Bei yake: kicheko kinasikika. Hakizuiliki. Tukiwa tumejificha kwenye stoo ya sultani na mtu akachomoa 1, walinzi wanasikia bibi anacheka. Nilidhani wachezaji watalalamika. Kumbe ndiyo sehemu wanayoipenda kuliko zote, na sasa wanapanga mipango kwa kumzingatia: bibi akae kichwani mpaka tuvuke geti.

Jumapili, 13 Aprili: Huruma

Huruma iliandikwa hivi mwanzoni: kiumbe yeyote akianguka karibu na mzimu, mzimu anamtibu alama chache za uhai. *Yeyote.* Rafiki au adui. Sikutaka huruma inayochagua, maana hiyo ni udugu tu.

Pambano lilikuwa bandarini, usiku, juu ya magunia ya karafuu. Mbabe akamwangusha mwizi mmoja na kumpa kisogo akamkabili wa pili. Mzimu akachuchumaa kwa yule aliyeanguka, akaweka kiganja cha ute juu ya jeraha, alama zikarudi, mwizi akafumbua macho, akaokota kisu chake, akamchoma mbabe kiunoni. Mchezaji wa mbabe aliniangalia mimi, kisha akamwangalia mwenye mzimu, akasema, "Dada, mzimu wako ananiua." Mwenye mzimu akajibu kwamba mzimu wake hajamchoma mtu.

Ugomvi ulikuwa wa haki pande zote. Huruma ya namna hiyo inamfanya mwenye mzimu kuwa hasara kwa kundi, na mchezo wa kundi hauvumilii hasara ya kudumu.

Marekebisho yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani. Kwa kanuni hizi, aliye mahututi anapoteza alama moja kila raundi mpaka atulie au afe. Mzimu wa huruma sasa *anamtuliza tu*. Hamwamshi. Adui anabaki chini, hai, na hakuna kisu. Rafiki anapata kitu kile kile, na kwa rafiki hilo linaweza kuwa tofauti ya uhai na kaburi.

Bei iliyobaki ni ile niliyoitaka tangu mwanzo: pambano likiisha, kuna watu wamelala chini wakiwa hai na kundi linapaswa kuamua. Kuwafunga? Kuwaacha? Nani atawabeba? Kikao kilichofuata nusu yake ilikuwa ni mabishano juu ya mwizi mmoja, na mwizi huyo ndiye aliyetuambia meli ya nani imeleta sanduku tunalolitafuta. Nisingeweza kulipanga.

Jumapili, 4 Mei: Kuvunja mgawanyo wa heri na shari

Hapa nimepanga upya daftari zima. Nilikuwa na kurasa mbili, za heri na za shari, na mgawanyo huo haukunisaidia kutunga hata kanuni moja. Kinachosaidia ni maswali mawili: hisia hii *imemwelekea nani*, na *inataka nini kisichowezekana*.

Hasira na chuki zimemwelekea adui. Kujitolea na upendo zimemwelekea rafiki. Kukata tamaa kunaanzia kwake mwenyewe na kunamwagikia wengine. Huruma imemwelekea aliyelala chini, bila kuuliza kabila lake. Furaha haijamwelekea mtu, imeelekea tukio, ndiyo maana ilinisumbua hivi. Ukiuliza hivyo, kanuni inajiandika karibu yenyewe.

Swali la pili nimelichukua kwenye mchezo mwingine, Wraith: The Oblivion wa kampuni ya White Wolf, uliotoka 1994. Humo wachezaji wenyewe ndio wafu. Kila mfu ana mambo yanayomuunguza moyo, kila moja na hisia yake, yawe mapenzi au kisasi, na akiishi hisia hiyo anapata nguvu ya kuendelea kuwepo. Mapenzi na kisasi vinalisha sawasawa. Jambo la pili la mchezo ule ni zito zaidi: kila mfu ana upande wa giza, na upande huo unachezwa na *mchezaji mwingine* aliyekaa pale mezani, anayekunong'oneza na kukushawishi.

Tumelijaribu. Matakwa ya mzimu yakachezwa na mtu wa pembeni badala ya mwenye mzimu. Jaribio la kwanza lilikuwa balaa, kwani aliyepewa kazi hiyo alinogewa. Kila dakika mzimu ulikuwa na shauri. Mwenye mzimu akapoteza mhusika wake mwenyewe, na mimi nikapoteza usukani.

Tiba: kizibo chekundu. Mchezaji wa pembeni anapewa kimoja kikao kinapoanza. Akikitupa mezani, anasema mzimu unataka nini *sasa hivi*, na mwenye mzimu anachagua: aukubalie, au aurudishe kichwani na akae bila nguvu zake mpaka pambano liishe. Kikishatupwa, basi mpaka kikao kijacho. Tangu hapo watu wanakiotea. Kinatupwa wakati mbaya kweli kweli, na ndiyo kazi yake.

Jumamosi, 24 Mei: Upendo, na kwa nini uko ukurasa mmoja na wivu

Upendo niliuacha mwisho kwa sababu nilijua utakuwa mgumu, na kumbe ndio uliokwenda haraka kuliko yote.

Mwenye mzimu anataja kipenzi kimoja katika kundi, na si lazima awe yeye mwenyewe. Kipenzi akipata madhara akiwa ndani ya miraba minne, mzimu anaweza kuchukua nusu yake. Uganga wa namna hii upo kwenye kanuni, wa daraja la pili, kwa hiyo nguvu yenyewe si ngeni na haivunji mizani. Nguvu hiyo tunaiachia mzimu ukifika daraja la tatu la ukuaji.

Bei ilihitaji kufikiriwa. Kwanza niliandika kwamba kipenzi akijeruhiwa sana mzimu anapandwa na ghadhabu. Wachezaji wakaifurahia, wakaanza kumpeleka kipenzi mbele makusudi apigwe. Hapo upendo ulishageuka mzimu wa hasira uliovaa kanga, na mtu anayepigwa ili apendwe zaidi ni jambo ambalo sitaki mezani kwangu. Nikafuta.

Kanuni ya sasa: *mzimu wa upendo hakubali kuchukua nusu ya madhara kwa ajili ya mtu mwingine yeyote, na kipenzi akitoka nje ya miraba minne, mzimu unamfuata kabla ya kutii amri nyingine.* Mzimu umefungwa kwa mwenyewe kwa kamba isiyoonekana na hauwezi kwenda mbali naye. Kwa hiyo kipenzi akikimbilia mbele, mwenye mzimu ama anakimbia naye, ama anautazama mzimu ukivutwa huku na huku katikati ya uwanja bila faida kwa yeyote.

Kisha nikaandika wivu wa kwetu kwa kulinganisha, nikagundua nanakili mistari ile ile. Kipenzi kimoja. Ukaribu ule ule. Kumfuata vile vile. Tofauti ni mstari mmoja: mtu mwingine akimtibu au kumwongezea nguvu kipenzi, mzimu wa upendo hafanyi kitu, mzimu wa wivu anamshambulia huyo mtibuji. Nimeziweka ukurasa mmoja, na mchezaji anaruhusiwa kuvuka kutoka moja kwenda nyingine hadithi ikimfikisha huko. Kuhani wetu ameshaomba rasmi asiwe karibu siku hiyo.

Jumapili, 8 Juni: Hali ilivyo

Kanuni za furaha, huruma na upendo-wivu zimeprintiwa, ukurasa mmoja kila moja, na kutiwa leminesheni kwa shilingi 1,000 kila karatasi, maana chai ya maziwa imeshaharibu nakala mbili. Ukianza upya kama sisi, maka peni, kurasa na leminesheni havifiki shilingi 10,000. Vizibo muombe muuza soda.

Kilichobaki ni madaraja ya juu. Zote tatu zimejaribiwa mpaka daraja la tano tu. Furaha nina wasiwasi nayo, kwa sababu wahusika wa madaraja ya juu wanashambulia mara kadhaa kwa raundi, vizibo vinachomolewa vingi na zile 1 zinaongezeka. Huenda nikahesabu 1 ya shambulio la kwanza peke yake. Huruma haina tatizo hilo. Upendo sijui kama miraba minne itatosha uwanja ukipanuka na watu wakianza kuruka angani. Nitaanza na sita tuone. Kizibo chekundu kinabaki kimoja, waliotaka viwili nimewakatalia.